Neno Nisilolisema Palermo

Jumatatu, 2 Desemba

Saro amerudi kutoka Vienna. Nilijua kabla hajafika, maana shemeji Melina alituma picha arobaini na moja. Katika zote Saro amesimama mbele ya jengo fulani kana kwamba amelijenga yeye. Saro ni mwanyumba wangu: mimi nimemwoa Agatina, yeye kamwoa Melina, mdogo wake. Ndilo kosa pekee ambalo familia ile imewahi kulifanya.

Vienna mwaka huu. Prague mwaka jana. Lisbon mwaka juzi. Na mimi? Mimi, Nunzio Privitera, mwenye duka la masanduku ya safari hapa Catania kwa miaka thelathini na mmoja! Nusu ya mji huu imesafiri na masanduku yangu. Hata Saro. Nilimchagulia mwenyewe lile la magurudumu manne, sijui nilikuwa na akili gani siku hiyo.

Jioni Agatina alikuwa anamenya maharage. Akaanza kuongea bila kuniangalia, dalili mbaya. Alisema wiki ijayo tunatimiza miaka thelathini ya ndoa. Alisema fungate yetu ilikuwa iwe Palermo, gari likafia njiani, Enna, tukakaa siku nne kwa mjomba wangu mwenye kondoo. Alisema tangu hapo nimemwahidi Palermo kila mwaka. Hataki Vienna. Hataki Lisbon. Anataka Palermo, siku mbili, na mimi. Kama Desemba hii haiwezekani, basi Saro na Melina wanakwenda huko wiki ya Krismasi, gari lao lina nafasi, na yeye amekwisha kuwaambia labda.

Labda! Mke wangu kwenye kiti cha nyuma cha Saro, akisherehekea ndoa yangu! Sikumaliza chakula.

Jumanne, 3 Desemba

Nimeamua. Tunakwenda. Lakini jamani, Palermo. Mtu wa Catania haendi Palermo kwa hiari, huitwa na mahakama au na daktari. Wale wana makasri, wana makanisa yenye dari la dhahabu, wana kila kilichoachwa na Waarabu na Wanormani, na hawachoki kukukumbusha. Yote hayo naweza kuyavumilia. Kitu kimoja siwezi.

Nakiandika hapa ili vizazi vijavyo visidanganywe. Tonge la wali lenye nyama na njegere katikati, likavingirishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa, linaitwa arancino. Mwishoni o. Ni dume. Lina ncha juu, kama mlima wetu wa moto. Watu wa Palermo wamelifanya la mviringo kama chungwa na kuliita arancina. Mwishoni a. Jike! Ni herufi moja tu, atasema mgeni. Katika lugha yetu herufi hiyo hiyo moja ndiyo inayomtenganisha bwana harusi na bibi harusi, nitamjibu, na siku ya harusi hakuna aliyewachanganya.

Asubuhi nilitangaza safari kwenye mkahawa wa Turi, mlango wa pili kutoka dukani kwangu. Saro alikuwepo. Saro hukosekana lini? Akacheka mpaka kahawa ikampalia. Alisema ananipa nusu siku, njaa ikinibana nitaliita tonge kwa jina la jike mbele ya umati na nitaomba na chumvi juu yake. Damu ikanipanda. Nikaweka mkono kifuani. Nikaapa kwa Mtakatifu Agata, mlinzi wa mji huu, mbele ya Turi, mbele ya Saro na mbele ya mzee Cirino aliyekuwa anasinzia, kwamba nitakaa Palermo kwa muda wote nilioupanga na neno lile halitatoka kinywani mwangu.

Saro akauliza nani atathibitisha. Turi akasema Agatina. Wote wakakubali papo hapo. Agatina hasemi uongo. Hata misibani, kama marehemu hakuwa mtu mwema, yeye husifu maua.

Nimetoka pale kichwa juu. Ushindi wa kwanza. Agatina sijamwambia habari ya kiapo, hakuna haja ya kumchosha.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimepiga simu nyumba kumi na moja za wageni. Zote zimejaa tarehe 12 na 13. Sijui kuna nini huko. Ya kumi na mbili nikampata Bibi Provvidenza Lo Cascio, anayepangisha vyumba viwili nyumbani kwake karibu na soko la Ballarò. Mjerumani mmoja alikuwa amevunjika mguu na kuahirisha safari. Mungu amponye, lakini pole pole.

Bibi Provvidenza akaniuliza kama najua tarehe 13 ni siku gani. Nikamwambia ni Ijumaa, kalenda ninayo. Akasema ni siku ya Mtakatifu Lusia. Nikamwambia hata huku Lusia tunamfahamu, ni jirani yetu wa Siracusa, na hajawahi kumzuia mtu kula. Akacheka kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

Ndipo nikamfunulia mpango wangu mkubwa. Siku ya harusi yetu tulikula makaroni ya biringanya, yenye jibini ya chumvi iliyokwaruzwa juu, chakula cha Catania hasa. Nataka Agatina aketi katikati ya Palermo, na mbele yake kitue kile kile chakula. Yeye atalia kwa furaha. Mji utakuwa umetekwa bila risasi. Nikamwomba Bibi anitafutie mpishi.

Akanijibu taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Bwana Privitera, tarehe 13 hapa kwetu hakuna makaroni. Hakuna mkate. Hakuna hata biskuti ya kuchovya kwenye kahawa. Siku hiyo tunakula..." Akalitaja. Jike. Niliziba simu kwa kiganja haraka.

Nimekwisha kuwajua watu hawa, ni majigambo tu. Mji mzima uache makaroni, tena katika kisiwa hiki? Nikamwambia anitafutie mpishi tu, vifaa nitakuja navyo mwenyewe.

Jumapili, 8 Desemba

Sikukuu. Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Ana miaka themanini na minane na haamini safari yoyote inayovuka Enna, na katika hilo mimi nimempa ushahidi. Saro alinisogezea bakuli la makaroni mara nne. Ongeza, mwanyumba, alisema, Palermo utafunga. Mara ya tano akanifungia mkate mkavu kwenye kitambaa. Meza nzima ikacheka. Nikacheka pia, kwa meno ya mbele.

Kisha Melina, kwa sauti ya mtu asiyejua lolote, akamuuliza dada yake kama ni kweli Nunzio amekula kiapo. Saro akaangalia sahani yake. Msaliti.

Agatina hakugomba. Afadhali angegomba. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akasimama mbele ya duka la dawa lililofungwa, akaniambia: "Nunzio, sikiliza vizuri, maana sirudii. Nataka siku mbili. Sitaki mashindano. Sitaki Catania hivi na Palermo vile. Sikungoja miaka thelathini ili nisimame kando ya meza nikiwaomba watu radhi kwa ajili yako. Ukinitia aibu mara moja tu, napanda basi la kurudi peke yangu, nashukia kwa Melina, na safari zilizobaki maishani mwangu nitasafiri nao. Wewe utabaki na masanduku yako."

Halafu akanishika mkono, kwa sababu kulikuwa na baridi.

Niseme ukweli, niliogopa. Mwanamke huyu huwa hatishii, hutaarifu. Lakini nimelipima jambo kwa utulivu. Yeye anataka nini? Nisigombane na mtu. Mimi nimeapa nini? Nisiseme neno. Asiyesema atagombanaje? Matakwa ya mke wangu na kiapo changu ni kitu kimoja! Sijui kwa nini watu huona ndoa ni ngumu.

Jumatano, 11 Desemba

Mazoezi. Nilianza na kuonyesha kwa kidole. Nilikwenda duka la mikate nikiwa bubu, nikanyoosha kidole, nikarudi nyumbani na keki ya siku ya kuzaliwa iliyoandikwa Concetta. Kikohozi nacho kina kasoro: nilikohoa mbele ya muuza samaki, akasogeza samaki. Mbinu ya tatu ndiyo yenye matumaini. Unalianza neno vizuri, ukifika mwishoni unaimeza irabu. Arancin. Basi. Si dume, si jike, kila mtu asikie anachotaka. Nilimjaribia Turi. Aliniuliza kama nimekwamwa na kitu, akanipa maji. Lakini hakusikia a! Kitaalamu ni ushindi.

Nimefunga sanduku, lile gumu la kijivu, fahari ya duka. Biringanya nane. Jibini ya chumvi, nusu gurudumu. Chupa mbili za rojo la nyanya. Rihani ndani ya gazeti lenye unyevu. Nguo zangu zimekosa nafasi, kwa hiyo kesho nitavaa mashati mawili. Agatina alilinyanyua sanduku akauliza lina nini. Viatu, nikasema.

Alhamisi, 12 Desemba

Tumefika. Basi halikuharibika Enna. Tulipokaribia pale Agatina alinishika mkono, akautazama mji kule juu mpaka ukapotea nyuma yetu, ndipo akaniachia. Nami nilikuwa nimebana pumzi.

Baada ya hapo matatizo madogo. Dereva aliwasha joto, na sanduku langu, ambalo nilikataa kuliweka chini pamoja na mengine, lilikuwa juu ya bomba la joto. Jibini ikaanza kujitangaza. Padri mmoja akahamia mbele. Wanafunzi wawili wakavuta fulana juu ya pua. Dereva akauliza kwenye kipaza sauti nani amebeba maiti. Nilitazama dari pamoja na abiria wengine. Agatina hakutazama dari, alinitazama mimi.

Bibi Provvidenza ni mfupi, ana miwani mikubwa, na anaishi ghorofa ya tatu. Chini yake kuna familia ya Waghana wanaoimba kanisani, mkabala kuna fundi cherehani Mtamili, na wote wanapigiana kelele dirishani kwa lahaja ya hapa, ambayo kwa sikio langu ni kama Kisicilia kilichoachwa juani. Kwenye uchochoro jirani jina la mtaa limeandikwa mara tatu, kwa maandishi yetu, ya Kiebrania na ya Kiarabu. Nilitaka kusema kwamba kwetu Catania jina moja linatosha kwa kuwa tunajua tunakokwenda. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Nikafunga mdomo. Agatina akaniona nikifunga mdomo. Akatabasamu! Sijamwona akitabasamu hivyo tangu mpwa wake alipofaulu mtihani wa udereva.

Nilipofungua sanduku kumkabidhi Bibi vifaa, alizitazama biringanya, akanitazama mimi, kisha akamuuliza Agatina tumeoana miaka mingapi. Thelathini, akasema Agatina. Bibi akamshika bega, akalibonyeza kwa huruma. Nadhani alivutiwa na ukarimu wangu.

Ijumaa, 13 Desemba

Siku ya kuandikwa kwa wino mzito.

Asubuhi, kanisa la mfalme, ndani ya kasri la zamani. Lile dari. Waarabu walichonga mbao, Wagiriki wakabandika dhahabu ukutani, mfalme mwenyewe Mnormani kutoka kaskazini kabisa, na inaonekana hakuna aliyegombania jina la kitu chochote. Agatina alisimama shingo nyuma kwa muda mrefu mpaka mlinzi akamletea kiti. Hakukaa. Mimi sikusema neno. Nilikaza shingo tu.

Saa saba mchana, njaa. Mpishi aliyetafutwa na Bibi Provvidenza, binamu yake mwenye mgahawa, alitupokea mlangoni akiwa na biringanya zangu nane mikononi, akanirudishia moja moja kana kwamba ni watoto wangu. Si leo, alisema. Tukaenda mgahawa wa pili. Si leo. Wa tatu, wa nne, wa sita. Duka la mikate limefungwa. La pili limefungwa. Bibi hakuwa anajigamba. Mji mzima! Mzee mmoja aliyekuwa akifagia alitueleza kwamba zamani kulikuwa na njaa kuu, siku ya Lusia meli ya ngano ikaingia bandarini, na watu hawakuweza kungoja kusaga, wakachemsha punje zilivyo. Tangu siku hiyo, tarehe hii, hawagusi kitu cha unga. Wali tu. Nilitaka kumuuliza, na zile chenga za mkate mnazozungushia wali wenu zimetoka kwenye mti gani? Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Mara ya pili kwa siku mbili. Nastahili nishani.

Lakini Agatina alikuwa amekwisha kupauka. Tangu asubuhi alikuwa na kahawa tupu tumboni. Akaelekeza kwa kidevu mkahawa wa pembeni, foleni imefika barabarani, kila mtu ana kikaratasi cha namba. Yetu 147. Walikuwa wanamhudumia wa 96.

Katika foleni ile, kati ya namba 110 na 120, mke wangu alinisimulia jambo. Baba yake alikuwa dereva wa lori la ndimu. Mara moja, yeye akiwa na miaka minane, alimchukua mpaka Palermo. Akambeba mabegani ndani ya kanisa la mfalme ili aione dhahabu karibu. Kisha akamnunulia tonge la wali, moja, lile la siagi na nyama ya nguruwe ambalo kwetu hawalitengenezi hivyo. Akala nusu, baba akala nusu. Mwaka uliofuata baba akafariki. "Sura yake inanipotea, Nunzio," alisema. "Mikono yake naikumbuka. Na harufu ile."

Miaka thelathini sikulijua hilo. Au aliniambia, na mimi nilikuwa naongea.

147. Msichana wa kaunta anaitwa Nasrin, jina limeshonwa kwenye aproni. Wazazi wake ni wa Bangladesh, yeye kazaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo, mwanamke aliyekuwa mbele yetu anamjua tangu akiwa mchanga. Nikaweka kikaratasi mezani. Nikanyoosha kidole. Akauliza sinia lipi, yapo kumi na mawili. Nikasema, kwa ujanja wa hali ya juu, "Mbili za siagi." Bila jina! Nilijipongeza moyoni.

Nasrin akainua uso. Alikuwa amesikia lafudhi. "Mbili za siagi nini, bwana?"

Nikakohoa. Akanisogezea glasi ya maji. Nikatumia silaha yangu ya mwisho: "Arancin." Akaweka mkono nyuma ya sikio. "Mwisho wake sijausikia," akasema, halafu akawatangazia wote, bila ubaya, kwamba mjomba katoka Catania. Foleni nzima ikanyoosha shingo. Mwanamume mwenye kofia ya waridi na nyeusi, rangi za timu yao, akasema nyuma yangu, "Tunangoja herufi moja tu, mjomba. Chukua muda wako."

Jasho lilinitoka chini ya mashati yote mawili. Nilimwona Saro. Nilimwona Turi. Nilimwona Mtakatifu Agata kama wanavyomchora, na matiti yake yaliyokatwa kwenye sinia, akinitazama. Na hapo nikahisi mkono wa Agatina unatoka kwenye mkono wangu. Hakuvuta, aliutoa tu. Alikuwa anatazama upande wa barabara inayokwenda stendi ya basi. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu ambaye amezoea kurudi bila kitu, na anajipanga kurudi tena. Akasema kwa sauti ya chini: "Baba alilisema. Na baba alikuwa mtu wa Catania kuliko wewe."

Nikalisema.

Mara ya kwanza lilitoka dogo, Nasrin akarudisha mkono nyuma ya sikio. Kwa hiyo mara ya pili nikalisema kwa mapafu yote: "Arancina! Arancina mbili za siagi, kwa ajili ya mke wangu!" Nadhani walinisikia bandarini. Watu wakapiga makofi. Yule wa kofia akanibusu mashavu yote mawili. Nasrin akaongeza ya tatu kwenye mfuko, akasema hii ni kwa ajili ya herufi.

Tulikula tumeketi kwenye ngazi za kanisa dogo. Agatina alifumba macho tangu alipong'ata mara ya kwanza. Chenga zilimjaa kwenye koti, hakuzipangusa. Alipofika nusu akaacha, akanipa iliyobaki. Nilikuwa na yangu nzima mkononi, lakini nikaipokea na kuila. Machozi yalimtoka kimya kimya, na mimi pia, kwangu ilikuwa ni joto la mafuta. Nitaandika ukweli kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: ilikuwa tamu sana. Ya mviringo, lakini tamu sana.

"Ahsante, Nunzio," akasema. Ameniambia ahsante mara nyingi katika miaka hii, kwa kushusha takataka, kwa kubadilisha taa. Hii haikuwa ile.

Kiapo kimevunjika. Mtakatifu Agata nitajieleza kwake Februari, siku yake, nikiwa nimebeba mshumaa mkubwa. Kuhusu Saro sijui.

Jumamosi, 14 Desemba

Unga umerudi mjini. Bibi Provvidenza alipika biringanya zangu asubuhi na mapema na kutukalisha mezani kabla ya basi. Jibini alikwaruza kidogo mno, kidogo cha aibu. Agatina akanitazama. Nikasema jibini ni sawasawa kabisa. Sahani zilioshwa kwa amani.

Ndani ya basi alilala begani kwangu njia nzima, hata Enna hakuiona. Mimi sikulala. Nilitunga uongo wa aina nne wa kumpa Saro. Bora kuliko zote ni kwamba nilipatwa na ugonjwa wa koo tangu Alhamisi na daktari amenikataza kueleza.

Jumapili, 15 Desemba

Ushindi! Ushindi kamili, mweupe, usio na doa!

Mkahawa wa Turi ulijaa. Hata mzee Cirino alikuwa macho. Nilikuwa nimejifunga skafu shingoni na mkono uko juu ya koo, tayari. Lakini Saro hakunijali. Alimgeukia Agatina, mikono kaikunja kifuani. "Shemeji, wewe tunakuamini. Alilisema au hakulisema?"

Agatina alikuwa anakoroga kahawa. Yeye hatii sukari, lakini aliikoroga sana.

"Mimi sikumsikia," akasema.

Saro akauliza, hukumsikia au hakusema? Agatina akamjibu kwamba siku hiyo alikuwa karibu nami kama alivyo sasa, bega kwa bega, na hakusikia neno. Kisha akanitazama, kwa kitambo, akanywa kahawa yake.

Turi akatoka nyuma ya kaunta kunipa mkono. Melina akamtazama dada yake kwa mshangao. Saro akavaa kofia, akasema ana shughuli, siku ya Jumapili.

Nimekaa nikalitafakari jambo hili kwa makini. Ni kweli nakumbuka kufungua mdomo. Nakumbuka makofi. Lakini Agatina hasemi uongo, hilo analijua kila mtu, hata Saro, na hata kiapo chenyewe tulikijenga juu ya hilo. Akisema hakusikia, basi sikusema. Maelezo yapo mamoja tu: mbinu ya kumeza irabu ilifanya kazi, tena kwa sauti ya juu, jambo ambalo sikuwahi kulijaribu mazoezini. Na yale makofi? Watu wa Palermo hupiga makofi ovyo. Mshumaa wa Februari utakuwa wa ukubwa wa kawaida.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani Agatina alinishika mkono, na leo hapakuwa na baridi. Alisema mume aliyekuwa naye kwenye zile ngazi ndiye aliyemngoja miaka yote hii. Alisema angependa, majira ya kuchipua, twende Napoli. Sisi wawili tu. Nikamwambia bila shaka.

Napoli! Nasikia huko wanaamini pizza ni yao peke yao. Inaelekea hakuna aliyewahi kuwaambia, kwa upole, mbele ya watu, habari za ile ya kwetu ya mlimani, inayokunjwa na kukaangwa, yenye jibini na dagaa ndani. Nitawaambia mimi, na nitawapikia waione. Mchana huu nimepima kikaango kikubwa: kinaingia kwenye sanduku vizuri kabisa, ukitoa mashati. Agatina bado hajui. Nataka iwe zawadi ya kumshtukiza.